Anza na Aibu: Mwongozo wa Kuchambua Hadithi Fupi ya Enzi ya Malkia Victoria

Kila darasa la Kiingereza linapofika kwenye hadithi fupi za karne ya 19, simu yangu haipumui. Maswali ni yale yale. "Mwalimu, hadithi nimeielewa ila sijui niandike nini." "Historia niweke kiasi gani?" "Nimeandikiwa pembeni kwa wino mwekundu, 'unasimulia tu', maana yake nini?" Safari hii nayajibu yote kwa pamoja, ili atakayeuliza nimtumie hiki na mimi nile chakula cha usiku kikiwa bado cha moto.

Nakuandikia wewe unayekutana na hadithi hizi kwa mara ya kwanza, na umepewa insha kuhusu mitazamo ya jamii ya Waingereza wakati wa Victoria: matabaka, ndoa, nafasi ya mwanamke, heshima, fedha. Nitatumia hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni "The Son's Veto" ya Thomas Hardy, iliyotoka Desemba 1891. Kwa Kiswahili neno la kichwa hicho tunalo, kura ya turufu, na linafaa sana, kwani hapa kuna mtu mwenye karata moja tu mkononi na anajua lini aitupe mezani.

Kama hujaisoma, acha hapa ukaisome. Haki zake za kunakili zilikwisha zamani, inapatikana bure mtandaoni, na kwa kikao kimoja unaimaliza. Kwa aliyesoma, nakumbusha tu. Sophy ni mtumishi wa ndani kwa kasisi wa kijiji cha Gaymead. Siku moja anateleza kwenye ngazi akiwa na sinia la kasisi mgonjwa, anaumia mguu, hawezi tena kazi ya kusimama. Kasisi, aliyefiwa na mkewe, anamwoa. Wanahamia London, wanapata mtoto mmoja wa kiume, Randolph, kisha kasisi anafariki. Sophy anabaki dirishani alfajiri akitazama mikokoteni ya mboga ikienda soko la Covent Garden, mpaka siku moja anamwona juu ya mkokoteni Sam, mtunza bustani aliyemtaka enzi za kijijini. Sam anamposa upya. Mwana anakataa.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Hadithi yenyewe kwenye karatasi, yenye nafasi pembeni. Kwenye simu utasoma, lakini hutachora.
- Penseli mbili za rangi tofauti.
- Daftari. Gawa ukurasa safu mbili: kushoto maneno ya hadithi, kulia maneno yako.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza inayotoa na maana za zamani.
- Swali la insha, limenakiliwa neno kwa neno juu ya ukurasa wa kwanza.

Kitabu cha historia cha kurasa 400 hukihitaji. Nitakupa tarehe chache huko mbele, zinatosha.

Kuhusu kamusi, usidharau. Kuna maneno unayoyajua leo ambayo mwaka 1891 yalikuwa na maana nyingine. "Make love" wakati huo ni kubembeleza kwa maneno, kuchumbia. "Intercourse" ni mazungumzo au mahusiano ya kawaida kati ya watu. Darasa zima huangua kicheko hapo, na kila mwaka kuna mmoja anayeandika insha nzima juu ya kosa hilo. "Living" ya kasisi ni parokia pamoja na mapato yake. Na "public school", tafadhali sana, si shule ya serikali. Kwa Waingereza ni shule ya kulipia, ya bweni, ya watoto wa wenye nacho, mfano Eton na Harrow. Ukikosea hilo umempotosha Randolph kabisa, maana kiburi chake chote kimeshonwa kwenye kofia na koti la shule ya namna hiyo.

Hatua kwa hatua

1. Soma mara moja bila kusimama.

Usiguse kamusi. Neno gumu lipigie mstari, songa mbele. Lengo la mzunguko huu ni kujua nani anataka nini na nani anamzuia. Ukimaliza, funga karatasi na uandike sentensi mbili tu za kisa. Zikizidi mbili, hujajua bado kiini kiko wapi. Mfano: "Mjane anataka kuolewa na muuza mboga. Mwanawe anamwapisha asiolewe."

2. Andika mwaka juu ya ukurasa.

Victoria alitawala tangu 1837 hadi 1901. Ni zaidi ya miaka 63. Mtu aliyezaliwa mwaka alipotawazwa alikuwa mzee wa mvi alipokufa. Kwa hiyo "watu wa enzi ya Victoria waliamini hivi" ni sentensi isiyosema kitu. Waingereza wa 1840 au wa 1891? Matajiri wa London au wakulima wa kusini?

Tarehe za kukaa nazo ni hizi. Mwaka 1834, kabla kidogo ya Victoria, sheria ya maskini iliyotilia nguvu majumba ya kazi kwa wasiojiweza. Mwaka 1857, sheria ya talaka: mume aliweza kumwacha mke kwa uzinzi tu, mke alipaswa kuthibitisha uzinzi na kosa jingine juu yake, kama ukatili au kutelekezwa. Mwaka 1870 na 1882, sheria za mali ya wanawake walioolewa. Ile ya pili ndiyo iliyompa mke mali yake mwenyewe kikamilifu zaidi. Basi. Zikusaidie kuuliza maswali, usizipange kwenye insha kama vikombe kabatini.

3. Orodhesha watu kwa namna wanavyoitana.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida asiyoijua. Wewe umekulia mahali ambapo mtu akikosea kusema "shikamoo" chumba kizima kinasikia. Sikio hilo hilo litumie. Nani anaitwa kwa jina la kwanza tu? Nani anaitwa "Mr" na ukoo? Nani amekaa, nani amesimama? Katika hadithi yetu kasisi ni Mr. Twycott, lakini mtumishi ni Sophy tu, na mtunza bustani ni Sam. Hata baada ya ndoa, kwa msimulizi mwanamke huyu anabaki Sophy karibu muda wote. Liandike kwenye safu ya kushoto. Kulia weka alama ya kuuliza, majibu yatakuja.

4. Tafuta aibu.

Hii ndiyo hatua yenyewe. Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Mitazamo ya jamii haikai kwenye hotuba. Mara chache mhusika husimama akasema, "Sisi tunaamini matabaka." Inakaa mahali mtu anapoona haya, anaposhusha sauti, anapobadili neno alilokwisha kulisema. Chukua penseli ya pili na weka alama kila mahali pa namna hiyo. Kisha kwa kila alama jibu maswali matatu: nani anaona aibu? mbele ya nani? nani anayeilipia?

Tufanye pamoja. Mwanzo wa hadithi Sophy yuko kwenye kiti cha magurudumu, katika bustani ndogo London, bendi inapiga. Tunamwona kwanza kwa nyuma, kupitia macho ya watu wanaoshangaa nywele zake zilivyosukwa. Pembeni yake ni Randolph, mvulana wa miaka kama 12 au 13. Wakiwa njiani kurudi, mama anasema juu ya baba aliyebaki nyumbani mgonjwa, "He have been so comfortable..." Mtoto anamkata: "Has, dear mother—not have!" Na anaongeza kwamba kufikia sasa alipaswa kulijua hilo.

Wanafunzi wengi huishia hapo, wanaandika "Randolph hana adabu", wanafungua aya mpya. Rudi. Soma sentensi inayofuata. Mama anajisahihisha haraka, hakasiriki. Na msimulizi anatuambia angeweza kabisa kumlipiza kwa kumwambia apanguse mdomo wake uliojaa makombo, kwa sababu kijana alikuwa akimega kwa siri kipande cha keki kilichofichwa mfukoni.

Makombo hayo ndiyo hadithi. Mtoto anayelinda heshima ya familia kwa sarufi ana keki mdomoni, na hakuna anayemwambia kitu. Kosa la mama linasahihishwa hadharani, la mwana linafichwa mfukoni. Sasa jibu yale maswali matatu. Nani anaona aibu? Mtoto. Mbele ya nani? Mbele ya wapita njia na, nyuma yao, wenzake wa shule. Nani analipa? Mama, kwa kunyamaza.

Nitakiri jambo. Nikiwa kidato cha pili nilimkatiza mama mbele ya wageni kwa kuwa alitamka "sukali". Akarudia "sukari", akaendelea kumimina chai. Miaka mingi baadaye nilipofika kwenye makombo ya keki ilinibidi niiweke hadithi chini kwanza. Sikwambii uandike maisha yako kwenye insha, usithubutu. Ila ukikumbuka chumba ulichowahi kuona aibu kama hiyo, utajua wapi pa kuangalia kwenye ukurasa.

Tahadhari: aibu si huzuni. Sophy anapokaa dirishani ana huzuni, na huzuni hiyo ina upweke ndani yake. Anapojisahihisha kutoka "have" kwenda "has", hiyo ni aibu. Ya kwanza inakuambia juu ya mtu, ya pili inakuambia juu ya jamii.

5. Chagua neno moja linalobeba mtazamo, ulipekue.

Kwa hadithi hii neno ni "gentleman". Sophy anapojaribu kumweleza mwanawe kwamba anafikiria kuolewa tena, kijana anataka kujua kama mume huyo ni gentleman. Anapogundua siye, analia kwa hasira na kusema jambo hilo litamshusha hadhi machoni pa "all the gentlemen of England". Wote! Mvulana mmoja wa shule anaogopa macho ya waungwana wa nchi nzima.

Nimesema waungwana kwa makusudi. Usitafsiri kwa "bwana" wala "mheshimiwa". Neno muungwana, kwenye pwani yetu, lilikuwa kwanza la tabaka: mtu huru, mwenye ukoo, asiye mtumwa. Na lilibeba, na bado linabeba, maana ya tabia: mtu mstaarabu, mpole, mwenye utu. "Gentleman" ya 1891 ina sura mbili hizo hizo. Randolph anaitumia kwa maana ya kwanza. Hadithi inamuuliza msomaji kwa maana ya pili. Kati ya mwana aliyesomeshwa na mchuuzi anayeshuka mkokotenini kumjulia hali mwanamke asiyeweza kutembea, muungwana ni nani? Ukilishika hilo una aya mbili nzima, na hujagusa historia bado.

6. Uliza: iliyomzuia ni sheria au ni watu?

Hapa ndipo insha nyingi zinapozama. Mwanafunzi anaandika, "Katika enzi ya Victoria wanawake hawakuruhusiwa kumiliki mali, ndiyo maana Sophy hakuolewa." Makosa mawili kwa sentensi moja. Kwanza, vikwazo vikubwa vya mali vilikuwa kwa mwanamke aliyeolewa. Mjane na mwanamke mzima asiyeolewa walikuwa na haki ya kumiliki hata kabla ya sheria za 1870 na 1882. Pili, hadithi imetoka 1891, miaka tisa baada ya sheria ile ya pili.

Rudi kwenye maandishi uone kilichomfunga. Marehemu mumewe ndiye aliyepanga kila kitu ili Sophy asiwe na usemi juu ya chochote alichoacha, isipokuwa kipato chake mwenyewe cha wastani. Huo ni mpango wa mtu, uliotokana na mtazamo kwamba mke huyu ni kama mtoto. Halafu Randolph. Hakuna sheria ya Uingereza iliyompa mwana mamlaka ya kumkataza mama yake mjane kuolewa. Alichofanya ni kumpigisha magoti mbele ya msalaba mdogo na madhabahu aliyoijenga chumbani kwake, akamwapisha kuwa hataolewa na Samuel Hobson bila ridhaa yake. Na akasema anafanya hivyo kwa ajili ya baba yake.

Sheria haikumpa kura ya turufu. Alijitengenezea mwenyewe, kwa dini, kwa kumbukumbu ya marehemu na kwa machozi. Hili ndilo jambo ambalo insha yako inatakiwa kuliona, na hutaliona kama umekwisha kuamua kwamba kila kitu ni "sheria za zamani".

Na lile swali ninaloulizwa kila mwaka, "kwa nini Sophy hakukataa tu?" Angalia alivyokubali posa ya kasisi. Msimulizi anasema hakuthubutu hasa kumkataa mtu mkubwa hivyo machoni pake. Mwanamke aliyeingia kwenye ndoa kwa heshima iliyochanganyika na woga anakutana na mwana aliyevaa mamlaka yale yale ya baba. Ni kukubali kule kule, mara ya pili.

7. Tenganisha sauti.

Mhusika akisema jambo la dharau, haimaanishi mwandishi analiamini. Hilo wengi wanalijua. Gumu zaidi ni msimulizi. Hapa yupo mahali anaposema Sophy alitendewa kama mtoto, na anaongeza kwamba kwa asili alikuwa mtoto kweli, ijapokuwa si kwa umri. Mh! Yuko upande gani? Kisha karibu na mwisho anasema kwamba elimu ya Randolph ilikuwa imekwisha kuufukuza utu wake kiasi cha kumwezesha kushikilia msimamo, na kwamba mama angeweza kuishi maisha matamu na muuza matunda wake pasipo mtu yeyote duniani kudhurika. Hapo hukumu iko wazi.

Usilazimishe sauti hizi mbili zikubaliane. Andika kwamba msimulizi anamhurumia Sophy na bado anamtazama kwa juu. Hadithi inayoshambulia mtazamo fulani inaweza kubaki na vumbi la mtazamo huo kwenye nguo zake. Msahihishaji akikuta umeliona hilo, atatua kalamu kidogo.

8. Badili fedha.

Kwa hadithi yetu hatua hii ni fupi, kwa nyingine ndiyo ufunguo. Pauni 1 ilikuwa shilingi 20, shilingi 1 peni 12, na gini ni shilingi 21. Tatizo letu ni neno shilingi lenyewe: msomaji wa Dar es Salaam akiona "shilingi 26" anaona hata pipi hainunuliki.

Chukua "The Man with the Twisted Lip" ya Arthur Conan Doyle, iliyotoka pia Desemba 1891. Mwandishi wa habari anayelipwa pauni 2 kwa wiki anajaribu kuomba barabarani ili aandike makala, na kwa siku moja anapata shilingi 26 na peni 4. Pauni 2 ni shilingi 40. Siku mbili za kuomba zinapita mshahara wa wiki. Baadaye anaacha kazi, anakuwa ombaomba kwa siri, anaoa, anajenga heshima. Anapokamatwa kwa kudhaniwa ameua mtu, ambaye kwa kweli ni yeye mwenyewe, yuko tayari hata kunyongwa kuliko watoto wake wajue. Aibu tena! Mwezi mmoja, nchi moja: mwana anayemwonea mama haya, na baba anayewaogopa watoto wake. Ukipewa swali la kulinganisha hadithi mbili, hizi zinakaa vizuri pamoja.

9. Soma aya ya mwisho mara tatu.

Miaka kama minne baadaye, mwanamume amesimama mlangoni mwa duka kubwa kuliko yote ya matunda mjini Aldbrickham, jina ambalo Hardy aliupa mji wa Reading. Amevaa nyeusi, dirisha la duka limefungwa nusu. Msafara wa mazishi unapita kutoka stesheni kuelekea Gaymead. Ameshika kofia mkononi, macho yana machozi. Ndani ya gari la wafiwa, padri kijana aliyenyolewa vizuri anamtupia jicho jeusi kama wingu.

Hesabu vitu. Duka kubwa kuliko yote: aliyedharauliwa amefanikiwa. Dirisha nusu: anaomboleza kama mfiwa ila hana nafasi kwenye gari la wafiwa. Gaymead: Sophy amerudi kijijini kwao, akiwa maiti. Na jina la Sam halitajwi hata mara moja. Hakuna neno "tabaka" mahali popote kwenye aya hiyo.

10. Andika aya, moja kwa kila aibu.

Kwanza mfano wa kuepuka, ambao nimeusahihisha mara nyingi: "Enzi ya Victoria ilikuwa na matabaka. Viwanda vilikuwa vingi na watu walikuwa maskini. Wanawake hawakuwa na haki. Sophy alikuwa mwanamke." Kila sentensi imesimama peke yake kama watu wasiojuana kituo cha basi.

Sasa jaribu mpangilio huu: hoja, maneno ya hadithi, unachokiona ndani ya maneno hayo, halafu historia kidogo pale tu inapoeleza jambo. Rasimu unaweza kuiandika kwa Kiswahili kwanza, ukishaona hoja imesimama ndipo uihamishe:

"Katika hadithi hii tabaka linalindwa kwa lugha kabla ya kulindwa kwa fedha. Randolph anaposema 'Has, dear mother', neno 'dear' linaivika amri vazi la mapenzi. Wakati huo huo msimulizi anatuonyesha makombo ya keki mdomoni mwake, kosa ambalo mama angeweza kumrudishia na hakulirudisha. Ndoa ya kasisi na mtumishi wake ilikwisha hesabiwa kuwa ni kujiua kijamii, hata wakahama kijiji. Kwa hiyo kila kosa la sarufi la Sophy linaweza kufichua alikotoka. Mtoto hasahihishi sentensi. Anaficha ukoo."

Historia humo ni sehemu ya sentensi moja tu, na imetoka ndani ya hadithi yenyewe. Hicho ndicho kiasi.

Ukikwama

*"Sentensi ni ndefu, nafika mwisho nimesahau mwanzo."* Tafuta kitenzi kikuu na mtendaji wake, vizungushie duara. Vingine vyote ni mapambo, virudishe kimoja kimoja. Kusoma kwa sauti kunasaidia kuliko unavyodhani, kwani magazeti ya wakati ule mara nyingi yalisomwa kwa sauti sebuleni.

*"Nimeandikiwa 'unasimulia tu'."* Hesabu sentensi zako zinazoanza na "halafu" au "baadaye". Kila moja ifute, au iongezee "jambo hili linaonyesha" na ujilazimishe kumalizia. Ukishindwa kumalizia, tukio hilo halina kazi kwenye insha yako.

*"Nimeandikiwa 'muktadha uko wapi?'"* Usikimbilie kuongeza aya ya historia mwanzoni. Rudi kwenye alama zako za aibu, uliza moja: kwa nini jambo hili lilikuwa aibu mwaka ule na mahali pale? Jibu la nusu sentensi litie hapo hapo.

*"Hadithi yangu haina aibu. Ni ya mizimu."* Inayo. Angalia nani anaogopa kusema alichokiona asije akaonekana mjinga, na nani anaaminiwa akisema. Mtumishi akiona mzimu ni mshirikina. Bwana wa nyumba akiuona ni siri nzito.

*"Nimepata muhtasari mtandaoni, unatosha?"* Muhtasari utakupa kisa. Hautakupa makombo.

*"Mimi nadhani Randolph alikuwa sahihi."* Andika hivyo, ilimradi maneno ya hadithi yakubebe. Baba mwenyewe alimsomesha ili awe kitu fulani, kisha mwana akataka kuwa kitu hicho. Nimewahi kutoa alama nzuri kwa insha iliyomtetea, na bado sikubaliani nayo.

*"Mtihani ni dakika 45, hatua zote kumi siziwezi."* Dakika 12 za kusoma na kuweka alama za aibu. Dakika 5 za kuchagua tatu zenye nguvu na neno moja la kupekua. Dakika 24 za kuandika, nane kwa kila aya. Dakika 4 zilizobaki, pitia "have" na "has" zako.